Ardis na Skrubu ya Hewa

Kwa akina Tveit kulikuwa na mlango mmoja tu ambao Ardis angeweza kusema ni wake, nao ni mlango wa banda la kufulia, nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaka yake, Orrin. Shamba la Orrin, ng'ombe wa Orrin, hata kile kiti cha jikoni kinachotazama dirishani, cha Orrin. Marehemu baba yao aliandika hivyo, na hakuna aliyeshangaa, maana huku kwetu magharibi mwa Minnesota shamba humfuata mtoto wa kiume, na binti hufuata mume. Ardis hakupata mume. Basi akabaki pale kama kiporo.

Ndani ya banda lile alikuwa akitengeneza kabureta za matrekta ya zamani, vile vifaa vinavyochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Usicheke. Huku kwetu mtu anaweza kuvaa koti moja miaka ishirini, lakini trekta aliyolimia babu yake ataipaka rangi kila masika na kuipeleka kwenye gwaride kama bibi harusi. Na matrekta hayo yote, ugonjwa wao mkubwa ni kabureta. Zikizingua zililetwa kwa Ardis, zimefungwa kwenye gazeti, kutoka vijiji ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Ukimkabidhi kabureta iliyojaa kutu, haulizi kitu. Anaigeuza mikononi kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Anatafuta kile kibati cha shaba chenye namba, na mara nyingi hakipo, maana kuna watu wana mikono isiyotulia, wakiona shaba wanaing'oa. Basi anasugua ubavuni kwa brashi ya waya mpaka zijitokeze namba zilizomo kwenye chuma chenyewe, anaingiza kidole cha kati kwenye koo la kabureta kupima upana, kisha anasema, "Hii ilizaliwa kwenye trekta nyingine. Nani kakuuzia?" Na kweli, ukifuatilia, utakuta ilizaliwa kwenye trekta nyingine.

Alikuwa na miaka hamsini na saba wakati wa haya ninayosimulia. Alipokuwa na ishirini alikubaliwa chuo cha ufundi mjini, akafunga sanduku, mama yake akaanguka jikoni. Akafungua sanduku. Mama alipokufa akalifunga tena, baba akaanza kusahau hata jina la mbwa. Baba naye alipozikwa, Orrin alikaa mezani na koti lake la msiba, akasema, "Sasa tumebaki wawili," kisha akauliza kuna nini cha kula. Yesu na Maria! Mtu unamjibu nini mwenye neno kama hilo? Ardis akapakua viazi.

Na Orrin hakuwa mtu mbaya, hapo ndipo penye shida. Afadhali angekuwa mlevi, afadhali angepiga mtu! Mtu mbaya unamkimbia na jirani wanakupigia makofi. Orrin alikuwa mpole, msafi, haendi popote. Kila asubuhi alikuwa akitazama nje na kusema, "Huenda mvua ikanyesha," na Ardis akijibu, "Huenda." Ikinyesha, isinyeshe, kesho yake yale yale. Kuna asubuhi Ardis aliposikia zile nyayo zikishuka ngazi alishika ukingo wa beseni, akafumba macho, akahisi hewa ya jikoni imekwisha.

"Bibie, wewe utakufa na tai shingoni," rafiki yake LaVonne Skaar alimwambia siku moja baada ya ibada, wakiosha vikombe kanisani. LaVonne alikuwa mjane mwenye mdomo, na ndiye pekee aliyethubutu. "Unacheka na watu hapa, unagawa keki, na ndani unaungua. Si uondoke?"

"Niende wapi mimi?"

"Popote penye mtu atakayekukaribisha."

"Hajatokea," Ardis akasema, akaendelea kufuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Basi akatokea. Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamefika magotini, na ule msafara wa matrekta ya kale ulikuwa ukipita wilayani mwetu. Watu huja kutoka mbali kwa ajili ya msafara huo. Wanaendesha matrekta kwa foleni, kijiji hadi kijiji, mwendo wa ng'ombe, na kila kanisa linawapa kahawa. Trekta moja nyekundu ikajitoa kwenye foleni mbele ya kwa Tveit, ikakohoa, ikapiga chafya, ikazimika barabarani. Juu yake kulikuwa na mwanamume mfupi mwenye nywele nyingi za mvi na kofia ya majani. Alishuka akiisema trekta kwa maneno ambayo huku kwetu huwa tunayahifadhi kwa ajili ya serikali.

"Shikamoo nyumba!" akapaza sauti. "Wameniambia hapa kuna fundi wa kabureta. Yuko wapi huyo mzee?"

"Mzee ni mimi," Ardis akasema kutoka mlangoni mwa banda.

Yule bwana akamtazama kuanzia viatu vya mpira hadi aproni, akavua kofia. "Samahani, fundi. Mimi naitwa Gil Ferrante, natoka New Jersey, na trekta hii inanifanyia visa tangu juzi."

Fundi. Watu walimwita "dada yake Orrin", walimwita "yule binti wa Tveit", na nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Fundi hakuna aliyewahi kumwita usoni. Ardis akageuka haraka kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika.

Gil akaeleza kwamba injini ikikimbia inakimbia vizuri, lakini ukiipunguza tu ingurume taratibu inapiga chafya na kufa. "Nikajua ina njaa ya mafuta. Nikafungua skrubu ndogo ili iongezeke. Ikazidi. Nikafungua tena. Ikazidi! Kadiri ninavyoilisha ndivyo inavyokufa."

Ardis akainama, akasugua ubavu wa kabureta kwa brashi. Rangi nyekundu ikatoka, chini yake kijivu. "Kabureta hii si ya trekta hii. Imepakwa rangi ili ifanane."

"Mwizi huyo!" Gil akasema. "Aliniapia kwa kaburi la mamaye."

"Itafaa tu, koo lake linalingana. Ila wewe hukuwa unailisha. Nyumbani kwako, matrekta yako, skrubu hii iko upande gani?"

"Upande wa injini."

"Enhe. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta. Ukifungua unaongeza mafuta. Hii tazama, iko huku, upande hewa inakoingilia. Hii ni skrubu ya hewa. Ukifungua unaongeza hewa, ukifunga ndio unaongeza mafuta. Umekuwa ukimnyima chakula mtu mwenye njaa, halafu unamlaumu kwamba anakonda."

Gil akaangua kicheko mpaka akashika tairi. Cheko lile lilizunguka uani likawashtua kuku. Ardis naye akacheka, akashangaa kujisikia.

Ilibidi afungue kabureta yote, na gasketi yake, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, ilikuwa imeoza, ikabidi akate nyingine, basi Gil akalala pale, kwenye kile chumba cha baba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Jioni walikula viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga, na Gil aliongea peke yake kwa niaba ya wote watatu. Ana karakana kando ya bahari. Wanatengeneza matrekta ya zamani kwa ajili ya watu wenye hela na majumba ya makumbusho, na fundi wake wa kabureta amestaafu, amewaacha yatima. Juu ya karakana kuna chumba kina dirisha kubwa.

"Njoo ufanye kazi kwangu, fundi," akasema huku akipaka mkate siagi, kana kwamba anaomba apewe chumvi. "Sitanii. Mke wangu atakupenda. Chumba kipo, kazi ipo."

Orrin aliacha kutafuna.

Moyo wa Ardis uliruka, naapa uliruka. Akasema, "Aa, hapana. Mimi siwezi."

Hapa inabidi nikueleze sisi ni watu gani, usije ukamwona Ardis mjinga. Huku kwetu ukikaribishwa kitu unakataa. Unakataa kwa sababu kukubali mara moja ni uroho. Mwenyeji anakukaribisha tena, nawe unakataa tena, kwa upole zaidi, ukitaja usumbufu wake. Anakukaribisha mara ya tatu, na hapo sasa unasema, "Basi, kama haikusumbui," mambo yanakwisha, kila mtu na heshima yake. Tulishawahi kuletewa mchungaji kutoka Texas aliyekuwa akikaribisha kahawa mara moja tu. Mwaka mzima watu walitoka nyumbani kwake na koo kavu, wakimsema kwamba ana roho mbaya. Hapana ya kwanza ni salamu. Hapana ya pili ni adabu. Ya tatu ndiyo jibu. Kama kwa kipande cha keki tunazunguka hivyo, je, kwa kitu kikubwa kama kuhama na maisha yako yote?

Kwa hiyo Ardis alipanda kulala na ile hapana yake ya kwanza akiwa na furaha. Alikaa kitandani akahesabu nguo zake. Zilikuwa zinatosha sanduku moja.

Asubuhi kabureta ikarudi mahali pake. Ardis akamwonyesha Gil namna ya kuirekebisha, maana mtu hafai kusafiri bila kujua. Washa, iache ipate moto. Funga skrubu polepole mpaka injini ilemewe. Fungua polepole mpaka ianze kupepesuka. Kisha rudi katikati ya hapo na hapo, pale inapotulia. Na usikaze mpaka mwisho kwa nguvu, utaumiza ncha yake iliyochongoka kama sindano na haitapona tena. Gil alijaribu, akakosea, akajaribu, akapata.

"Unasikia?" Ardis akauliza.

"Nasikia. Imekaa kama paka juu ya mto." Akajifuta mikono taratibu. Alionekana mnyonge kidogo asubuhi ile, si kama jana. "Fundi, nakuuliza tena, halafu sikusumbui. Hutakuja?"

"Aa, hapana, bwana Gil," akasema Ardis, na moyoni akahesabu: imebaki moja tu. "Nitawasumbua tu. Mtu mzima kama mimi."

Akasubiri. Alikuwa na jibu tayari mdomoni. Sema basi, mwanaume! Sema tena mara moja tu!

Gil akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Nimekusikia. Mama yangu alitufunza, mtu akisema hapana, hapana. Siwezi kumlazimisha mtu." Akanyoosha mkono, akamshika Ardis kiganja chake chenye grisi kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, akaenda ndani kuchukua begi.

Ardis alibaki na ile injini ikinguruma mbele yake. Ungemwambia, mwite, mwambie unakwenda. Rahisi kwako kusema. Ulimi wake ulikuwa umefungwa na babu na bibi wa pande zote mbili, wote waliolala kule makaburini na heshima zao. Mkono, lakini, ulikuwa huru. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kumtoa mteja na injini mbovu, hata adui yake. Akaitazama nyumba. Akashika bisibisi, akaifunga skrubu ya hewa mzunguko mzima, akapandisha kidogo kipini cha mafuta ili injini isizimike hapo hapo.

Alijua kitakachotokea. Trekta ikikimbia haitaonyesha kitu. Lakini njia panda ya kanisani kuna alama ya kusimama, na Gil atapunguza mwendo, na injini iliyosongwa na mafuta haivumilii mwendo mdogo. Itazimika. Atarudi kwa miguu, si mbali. Atakuja analalamika, atakaa jikoni, na mtu anayekaa jikoni kwa mtu mara ya pili huwa anauliza tena.

Gil akapanda, akaivumisha injini mara moja, akapunga kofia, akaondoka. Orrin alikuwa kisimani akimpungia mkono kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumpungia mtu yeyote.

Ardis akavua aproni. Akaenda mpaka kwenye sanduku la barua, mwisho wa njia ya kuingilia. Nchi yetu ni bapa kama meza na siku ile hakukuwa na upepo; sauti ya injini ilikuja safi kama iko chumba cha pili. Ikafika kanisani. Ikapungua. Ikalemewa, ikakohoa, ikazimika. Mahindi yote yakanyamaza. "Ndiyo," Ardis akasema kwa sauti, peke yake, kujizoeza. "Ndiyo, nitakuja. Ndiyo." Mashavu yalimwaka moto kama msichana.

Akaangalia barabara, asione mtu. Kisha injini ikawaka.

Iliwaka kwa shida, na juu ya mahindi pakatokea moshi mweusi. Ikabaki pale pale, ikihema. Ardis akashika nguzo ya sanduku la barua. Alisikia skrubu ikifungwa kidogo na injini kuzidi kulemewa. Akamsikia Gil akisita, akikumbuka. Halafu akaanza kufungua. Akafungua tena. Injini ikatanuka kifua. Tena kidogo. Akapitiliza mpaka ikapepesuka, akarudi, akaacha pale pale panapotakiwa, na ile trekta ikakaa ikinguruma kwa utulivu ambao Ardis mwenyewe asingeongeza kitu.

Gil akaivumisha injini mara mbili, vuu, vuu, kumwelekea yeye. Ardis alielewa mara moja, na hapo ndipo moyo ulipomvunjika: maskini, amedhani ni mtihani. Amedhani fundi amemwachia kosa makusudi ili aone kama amejifunza, na sasa anamwambia asante, nimefaulu. Akaingiza gia. Ardis alifungua mdomo kupiga kelele, sauti haikutoka, na hata ingetoka isingefika. Aliisikiliza trekta mpaka ikachanganyika na nyingine za msafara, asijue tena ipi ni ipi.

Alipoingia jikoni Orrin alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa amechemsha kahawa mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ilizimika pale kanisani," Orrin akasema.

"Niliisikia."

"Akaitengeneza."

"Akaitengeneza."

Orrin akazungusha kikombe chake mezani. Kuna neno alilokuwa amelificha, na kwa kuwa hakuwa mwovu, lilikuwa linamtesa. "Yule bwana aliniuliza jambo, asubuhi, kisimani. Aliuliza, wewe ukisema hapana, huwa ni hapana kweli? Au ni adabu tu?"

Ardis akasimama vilevile alivyokuwa. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia dada yangu si mwongo."

Kumbe Gil aliona. Mtu wa mbali, wa bahari, alisikia kwamba hapana ile ina kitu nyuma yake, akaenda kuuliza kwa mtu pekee aliyejua jibu. Na huyo mtu alijua! Alijua kama anavyojua njia ya zizini. Ardis alimtazama kaka yake, akaona mzee mwenye mikono mikubwa na hofu machoni, mtu asiyejua kuchemsha yai, na akamchukia, na akamwonea huruma, na akachukia ile huruma kuliko vyote, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomfunga miaka yote.

"Ningebaki na nani, Ardis?" Orrin akasema chini chini.

Orrin akainuka, akachukua birika. Akaja nalo mpaka aliposimama dada yake, na kikombe katika mkono wa pili, kile kizuri, cha wageni.

"Nikumiminie?"

"Hapana," Ardis akasema.

"Kidogo tu. Ni ya moto."

"Hapana, Orrin."

Orrin akapata nafuu usoni, kwa sababu sasa walikuwa wamefika mahali anapopajua. Akainamisha birika juu ya kikombe. "Basi nusu. Nusu kikombe, dada yangu."

"Hapana," Ardis akasema.

Akatoka, akaenda zake bandani, akafunga ule mlango. Orrin akabaki amesimama katikati ya jikoni na birika mkononi, hajui aliweke wapi.